Milima, Miteremko na Neno Ukimwi: Safari za Baiskeli za Dervla Murphy

Mwezi wa kumi, tulipokuwa tunatafuta mada ya historia kwa ajili ya toleo hili, mmoja wetu aliona kwenye rafu ya maktaba kitabu cha Kiingereza chenye neno la Kiswahili kwenye jalada. Kinaitwa The Ukimwi Road, kilichapishwa mwaka 1993, na mwandishi wake ni Dervla Murphy, mwanamke wa Ireland. Tulidhani ni kitabu cha tiba. Kumbe ni cha safari ya baiskeli: mwaka 1992, akiwa na miaka 60, mwandishi alitoka Kenya akapita Uganda, Tanzania, Malawi na Zambia hadi Zimbabwe, takriban maili 3,000, peke yake.

Sisi tunaoandika ni watatu, wote wa mwaka wa pili, na wote tumekulia hapa Uingereza. Neno ukimwi hatukujifunza darasani. Tulilisikia nyumbani, likisemwa kwa sauti ya chini wakubwa walipodhani tumelala. Kwa hiyo kulikuta limeandikwa kwa herufi kubwa, tena pamoja na baiskeli, kulitushtua. Tukaamua kuifuatilia historia ya mwanamke huyu kwa maswali mawili. Mtu anayesafiri masafa marefu peke yake kwa baiskeli anapata nini na anapatwa na nini? Na je, ni kweli yuko peke yake?

Dervla Murphy alizaliwa tarehe 28 Novemba 1931 katika mji mdogo wa Lismore, kaunti ya Waterford. Baba yake alikuwa mkutubi wa kaunti. Alipotimiza miaka kumi alipewa zawadi mbili: baiskeli iliyokwisha kutumika na atlasi. Siku chache baadaye, akipanda kilima karibu na kwao, aliitazama miguu yake ikizungusha pedali akawaza kwamba akiendelea hivyo hivyo bila kuacha, atafika India. Hakumwambia mtu, kwa kuwa hakutaka watu wazima wamcheke.

Safari hiyo ilisubiri zaidi ya miaka 20. Mama yake aliugua baridi yabisi iliyomlemaza, na Dervla aliacha shule akiwa na miaka 14 ili amtunze. Baba alifariki mwaka 1961, mama mwaka 1962. Januari 1963 binti yao alianza safari. Wengi wetu katika chama hiki tuna dada au shangazi aliyeacha masomo ili auguze, kwa hiyo sehemu hii ya maisha yake hatukuhitaji kufafanuliwa. Kabla ya kupanda mlima wowote wa Asia, alikuwa amekwisha kupanda mwingine nyumbani kwao.

Baiskeli yake aliiita Roz, kifupi cha Rozinante, kwa heshima ya farasi wa Don Quixote. Ilikuwa baiskeli ya kiume, na gia zake alizitoa kwa kuwa aliona hazitastahimili barabara mbovu za mbele. Alitanguliza tairi za akiba kwa posta, akachukua bastola ndogo, akaondoka. Majira yale ya baridi yalikuwa makali kuliko kawaida katika Ulaya nzima, na mara nyingine barafu ilimlazimu kupanda gari. Huko Yugoslavia alishambuliwa na mbwa mwitu usiku, akatumia ile bastola. Iran aliitoa tena kuwatisha wezi. Afghanistan alivunjwa mbavu, na wala hakuwa barabarani akiendesha: alikuwa ndani ya basi, ugomvi ukazuka, kitako cha bunduki kikamwangukia. Hata hivyo, katika nchi zote alizopita, Afghanistan ndiyo aliyoipenda kupita kiasi. Julai 1963 alifika Delhi, kisha akabaki India akiwahudumia watoto wakimbizi wa Kitibeti. Kitabu chake cha kwanza, Full Tilt, kilitoka mwaka 1965.

Tukiitazama safari hiyo kwa makini, tunaona kwamba milima na miteremko ya mwendesha baiskeli si ya ardhi tu. Siku moja mtu anavunjwa mbavu, na katika nchi ileile anapewa chai, mkate na mahali pa kulala na watu asioelewa lugha yao. Mwenye gari hufunga kioo akapita. Mwenye baiskeli hana kioo. Jua ni lake, vumbi ni lake, mbwa wa kila kijiji ni wake, na salamu za kila mtu aliyeketi barazani ni zake pia. Akipata pancha mbele ya nyumba ya watu, nusu ya kijiji itakuja kutazama, na mmoja ataleta beseni la maji ili tundu lionekane. Ndiyo sababu tunasita kusema Murphy alisafiri peke yake. Alikuwa peke yake juu ya tandiko. Jioni alikuwa mgeni wa mtu.

Wazee wetu wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii ilitukaa kichwani tulipofika kwenye safari ya 1992.

Murphy hakwenda Afrika Mashariki kutafiti ugonjwa. Lakini baiskeli huenda polepole, na mwenye kwenda polepole husikia. Alipokaa hotelini kunywa chai, au alipokaribishwa nyumbani kwa watu, mazungumzo yalirudi palepale. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983 mkoani Kagera. Uganda watu walikuwa wakiuita slim, kwa jinsi ulivyokondesha. Kagera waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiuzwa kwa magendo mpakani. Kiswahili kikaunda neno lake, kifupi cha Upungufu wa Kinga Mwilini, na neno hilo ndilo Murphy alilolisikia nchi baada ya nchi hata akalipa kitabu chake. Kusini zaidi, mwaka huohuo, kulikuwa na ukame mkubwa. Safari aliyodhani itakuwa ya kuupumzisha moyo ikawa ya kusikiliza misiba.

Hapa ndipo tulipoona upande mgumu wa kusafiri peke yake, ambao ni mzito kuliko pancha. Mtu anakueleza jambo zito kwa sababu wewe ni mpita njia, hutalipeleka kwa majirani. Asubuhi unafunga mzigo wako kwenye kerieri unaondoka, na yeye anabaki. Mwaka 1992 hapakuwa na dawa ya kumpa. Tiba ya mchanganyiko wa dawa ilianza kutumika katika nchi tajiri mwaka 1996, na nchini Tanzania mpango wa kuzitoa bure ulianza mwaka 2004. Mgeni alikuja, na mwenyeji hakupona. Murphy anaonekana kulijua hilo. Ni mkali sana dhidi ya mashirika na misaada ya nchi za Magharibi, na ingawa hatukubaliani na kila hukumu aliyotoa, tunaheshimu kwamba hakujifanya mwokozi.

Lakini kuna jambo lililotukera. Katika historia za safari ndefu za baiskeli, msafiri ni yule anayeandika kitabu. Wakati Murphy anapita, barabara zilezile zilikuwa zimejaa waendesha baiskeli. Huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, vijana waliobeba abiria kutoka mpaka hadi mpaka ndio waliotupa neno boda boda. Wengine walisukuma mikungu ya ndizi na magunia ya mkaa kupanda vilima ambavyo mtalii hupanda akiwa na begi mbili tu. Nao pia walikuwa peke yao, tena masafa marefu.

Mmoja wetu asili yake ni Kagera. Tulipofika hapa, alimpigia mama yake simu. Baada ya shikamoo na marahaba, akamwuliza kama mwaka 1992 alikuwa na habari za baiskeli. Mama akanyamaza, kisha akasema, "Nani kakutuma kuniuliza hayo?"

Halafu akasimulia. Mwaka huo alikuwa na miaka minane, kijijini upande wa Muleba. Baba yake alikuwa amekwisha kufa, na mama yake akamfuata. Baba mkubwa, fundi cherehani wa Bukoba mjini, alipata habari, akafunga duka lake, akapanda Phoenix yake kabla ya alfajiri. Alipata pancha mara mbili njiani, akaziba mwenyewe. Alifika jioni, akalala msibani, na baada ya siku chache akarudi akiwa amempakia mtoto kwenye kerieri, juu ya gunia lililokunjwa. Kwenye milima alishuka akasukuma, mtoto akiwa amekaa. Kwenye miteremko alimwambia ashike shati kwa nguvu.

"Kwenye mteremko nilicheka," mama alisema. "Nilikuwa nimemzika mama yangu wiki ileile, na nilicheka. Baba mkubwa naye akacheka. Sikuwahi kumwambia mtu, niliona aibu."

Mwenzetu alikuwa na miaka ishirini na hakuwahi kujua kwamba bibi yake alikufa kwa ugonjwa gani. Tuliuliza kama tunaweza kuyaandika haya. Mama akakubali, mradi majina tuyaache.

Dervla Murphy alifariki Lismore tarehe 22 Mei 2022, akiwa na miaka 90. Tunamshukuru, kwa sababu kitabu chake ndicho kilichotufanya tuulize. Tunadhani wanahistoria wako sahihi kumweka miongoni mwa wasafiri wakubwa wa baiskeli. Tunachosema ni kwamba orodha hiyo ni fupi mno. Fundi cherehani wa Bukoba alisafiri peke yake kwenda, na kurudi alikuwa na mtu mgongoni. Hakuandika chochote, na baiskeli yake iliuzwa zamani.

Wanachama wenzetu, na walimu wetu pia: nyumbani kwenu kuna mtu aliyewahi kuendesha baiskeli siku nzima kwa ajili ya jambo fulani. Muulizeni alitoka wapi, alikwenda kufuata nini, na nani alimpa maji njiani. Kama ataruhusu, tuleteeni simulizi yake kwa toleo lijalo. Na kama atanyamaza kwanza, msikate simu.