Stendi ya Tukuyu na Reli Isiyofika

Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu-Langenburg na kuifanya makao ya utawala wao, haikupata reli. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilipita Mbeya ikaelekea Tunduma. Hata hivyo Rungwe, wilaya ambamo Tukuyu ipo, haikukwama, kwa sababu barabara ya Uyole hadi Kasumulu, mpakani na Malawi, iliifanya stendi ya mabasi ya Tukuyu kuwa kituo kikuu cha wilaya hiyo. Wapo watakaosema kwamba treni hubeba shehena kubwa kwa gharama nafuu. Ni kweli, lakini mkulima mdogo huvuna mikungu michache ya ndizi, nayo huharibika upesi, hivyo anahitaji gari linalosimama karibu na shamba lake. Stendi na barabara hiyo vinastahili kutunzwa kwa uzito uleule tunaoipa reli.