Kungoja Kusi

Anayepanga safari ya Unguja leo huambiwa aepuke masika ya Aprili na Mei, aje kuanzia Juni mvua zikishakatika. Akikosea miezi, atalowa tu, na ndege itamrudisha kwao siku ileile iliyoandikwa kwenye tiketi. Kabla ya meli za moshi, aliyekosea miezi angeweza kupoteza mwaka mzima. Kaskazi ilishika Novemba au Desemba, ikavuma hadi Machi na kuyaleta majahazi ya Omani, Hadhramaut na Gujarat. Kusi ikaanza Aprili na kuyarudisha kwao. Kati ya Juni na Agosti kusi hiyo ilikuwa kali mno hata bandari za magharibi ya Uhindi zikafungwa, hivyo aliyechelewa kuondoka alingoja mpaka itulie. Historia ya pwani huzisifu pepo hizi kwa kutuletea wageni. Mimi naona sifa hiyo ni nusu tu ya habari. Miji yetu ilijengwa zaidi na ile miezi ambayo upepo uliwazuia wageni wasiondoke.

Ukali wa kalenda hiyo unaonekana katika safari mbili za Vasco da Gama. Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi ikianza, akiwa na rubani aliyeijua bahari. Hazikupita wiki nne akawa Calicut. Kurudi hakutaka kungoja. Aling'oa nanga mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi haijatulia, akatangatanga baharini karibu miezi mitatu. Mabaharia wapatao 30 walikufa, wengi kwa kiseyeye, na alipofika Malindi Januari 1499 hakuwa na watu wa kutosha kuendesha meli zake zote. Moja, São Rafael, ikabidi ichomwe moto. Wenyeji walikuwa wamekwisha kujiwekea hesabu ya kuepuka balaa la namna hiyo. Mwaka wa Hijria hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka wa jua, hivyo Rajabu au Shaabani haikuweza kumwambia nahodha lini atweke tanga. Ndiyo maana watu hawa, Waislamu wa dhati, walishika pia mwaka wa jua unaoanza kwa Nairuzi, wakaugawa katika miongo 36 ya siku kumi kumi na kubakiza siku tano. Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari wa karne ya 15, alitaja nyakati za kusafiri kwa kuhesabu siku tangu Nairuzi.

Sasa mfanyabiashara aliyefika Januari afanye nini hadi Aprili? Alihitaji mahali pa kulala, ghala, mtu wa kumdhamini, na mara nyingi mke. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, alieleza jinsi vijana wa Mogadishu walivyoipokea meli kwa mitumbwi, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akimkabidhi mfanyabiashara mmoja na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia, na biashara iliyofanywa bila yeye kuwapo ilihesabiwa batili. Desturi kama hiyo haina maana kwa mtu anayeondoka kesho. Inataka mgeni asiye na pa kwenda, na mwenyeji anayejua kwamba msimu ujao atarudi, deni litalipwa, na pengine wajukuu watazaliwa.

Atakayepinga atasema Kilwa ilijengwa na dhahabu ya Sofala. Ni kweli, lakini dhahabu hiyo ingeweza kuuzwa kulekule Sofala. Iliuzwa Kilwa kwa sababu jahazi la Arabuni liliweza kufika huko na kurudi ndani ya mwaka mmoja wa pepo. Kusini zaidi, hesabu ilianza kuharibika. Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: pepo hizi zilikuwapo tangu zamani, mbona miji ya mawe ikachelewa? Mabaharia kutoka Misri walizijua tangu karne ya kwanza, na miji hiyo ilikuja mamia ya miaka baadaye. Hapa nakubali: upepo ulitoa muda, na watu ndio waliochagua kuutumia. Unguja haikupata pepo mpya Seyyid Said, sultani wa Omani, alipohamishia makao yake huko. Ilipata mtawala, karafuu na mitaji.

Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na kufikia 1872 meli za barua za Waingereza zilikuwa zikifika Unguja kwa ratiba. Hata hivyo, baharia na mwandishi Alan Villiers alipoabiri bumu la Kuwait mwaka 1938, aliikuta kalenda ileile: kushuka na kaskazi, kupakia boriti za mikoko Rufiji, kupanda na kusi. Boriti hazikuwa na haraka. Waliohamia kwenye meli za moshi walikuwa matajiri na barua zao, yaani wale ambao zamani walikaa miezi katika nyumba za wenyeji wao.