Kipese: Kabila Moja, Koo Nyingi

Wakazi wa Kipese, mji mdogo katika milima ya Lubero, kusini mwa Butembo, kwa kawaida huelezwa kwa neno moja: Wanande. Neno hilo si la uongo, ila linaficha mengi. Wanande, ambao wengi wao hupendelea kuitwa Wayira, hutambuana kwa koo: Baswagha, Batangi, Bamate, Bashu. Utawala wa Kibelgiji uliyafanya majina hayo kuwa ya maeneo ya kichifu. Ukoo ukageuka mpaka wa ardhi. Mpaka uliokubaliwa na madola ya Ulaya mwaka 1910 nao uliwaacha ndugu zao Wakonzo upande wa Uganda, na watu wenye lugha zinazosikilizana wakahesabiwa kuwa makabila mawili. Walowezi wa Kizungu waliolima milima hiyo, wengi wao waliondoka baada ya uhuru wa 1960.

Sensa ya mwisho ya nchi nzima ilifanywa mwaka 1984. Tangu hapo, madai ya nani ni mwenyeji yameamuliwa zaidi kwa kumbukumbu za ukoo na shamba kuliko kwa takwimu. Hivyo, swali la kabila mjini Kipese ni, kwa kiasi kikubwa, swali la ardhi.