Uchumi wa Mguu wa Kulia

Mtu akinunua gari jipya, jamaa zake humwuliza kwanza, "Linakula mafuta kiasi gani?" Mimi naona swali hilo lingefaa kuulizwa mguu wa kulia wa mwenye gari. Historia ya kubana mafuta ni historia ya tabia za watu kuliko ya vyuma.

Mwaka 1942 Marekani iliwataka madereva wake wasizidi maili 35 kwa saa, yaani kilometa 56 hivi. Shabaha kubwa haikuwa petroli bali matairi, kwa kuwa Wajapani walikuwa wameteka Malaya na visiwa vya Indonesia, kulikotoka mpira. Vita vilipokwisha, watu wakasahau, wakakanyaga mafuta watakavyo.

Somo likarudi Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zilipowanyima mafuta waliowaona kuwa marafiki wa Israeli. Bei ya pipa ilipanda kutoka kama dola 3 hadi karibu 12 katika miezi michache. Ujerumani Magharibi ilipiga marufuku magari kwa Jumapili nne. Tarehe 2 Januari 1974 Rais Nixon alitia sahihi sheria ya maili 55 kwa saa, iliyodumu hadi 1995. Na sisi tusiochimba mafuta tuliumia zaidi. Watanzania wa rika langu hawajasahau zile Jumapili ambazo gari la binafsi halikuruhusiwa barabarani baada ya saa nane mchana.

Sheria hizo zilikuwa na msingi. Mwendo ukiongezeka mara mbili, upinzani wa hewa huongezeka mara nne. Anayekwenda kilometa 110 kwa saa anapambana na upepo karibu maradufu ya anayekwenda 80. Tena kila breki hugeuza kuwa joto mwendo uliokwisha kulipiwa kwa mafuta. Ndiyo maana dereva mzuri hutazama mbali, huondoa mguu mapema akiona foleni, hupandisha gia kabla injini haijalia, na hupima upepo wa matairi.

Lakini wazee wa kabureta walituachia pia urithi mbaya, yaani kushuka mlima kwa gia huru, wengine wakizima injini kabisa. Kwao ilikuwa na maana, kwa sababu kabureta iliendelea kutoa petroli hata gari liliposukumwa na mteremko. Gari jipya halifanyi hivyo. Ukiliacha ndani ya gia na kuondoa mguu, kompyuta yake hukata mafuta, na magurudumu ndiyo huizungusha injini. Ukiweka gia huru, injini hudai mafuta ya kuiweka hai. Kwa hiyo, kwenye mteremko mkali, ujanja wa zamani leo ni hasara, na juu ya hasara ni hatari: injini haikusaidii tena kulizuia gari, mzigo wote unabaki kwa breki, nazo zikipata moto sana hazishiki. Ukizima injini, hata nguvu inayosaidia breki na usukani hutoweka.

Kule Salgaa, katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, madereva wa malori wamelaumiwa kwa miaka mingi kwa kushuka hivyo ili kubakiza dizeli, na waliokufa pale ni wengi. Sisi tuna Kitonga yetu, nasi tunajua inavyomeza malori.

Hata hivyo sipendi lawama yote imwangukie dereva. Tajiri anayempimia mafuta kwa kijiko, kisha akamtaka afike kabla ya jua kuchwa, amemwagiza mambo mawili yasiyopatana. Akiba ya kweli ya mafuta hulipiwa kwa muda. Asiyetaka kutoa muda, dereva wake atautafuta kwenye mteremko, na huko bei yake ni roho za watu.