Jitu la Sarafu Moja

Hebu fikiri umepewa kazi ya kubuni adui wa mchezo wa video. Atoke sayari isiyojulikana, awe mkubwa kuliko kila kitu kwenye kioo, na risasi ziwe kwake kama mvua juu ya bati. Rahisi, utasema: mfanye asife, basi. Kumbe hapo ndipo kazi inapoharibika. Aliyetumbukiza sarafu yake akishagundua kwamba adui hafi kabisa, anaondoka, na sarafu ya pili hatoi.

Mwaka 1978 tatizo hilo lilikuwa bado. Tomohiro Nishikado alikuwa akitengeneza Space Invaders katika kampuni ya Taito ya Japani. Wakubwa wake hawakutaka binadamu wapigwe risasi, ndipo wageni wa angani wakapata ajira. Walikuwa 55, wadogo wadogo, wenye sura za pweza, ngisi na kaa, na kila mmoja alikufa kwa risasi moja. Kilichotisha ni wingi wao. Halafu kompyuta ile, dhaifu ya enzi zake, ilichelewa kuwachora wote. Kadiri walivyopungua, waliobaki walizidi kukimbia. Nishikado akaiacha kasoro hiyo ifanye kazi.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1980, ukaja Phoenix. Ukishamaliza makundi ya ndege, kinakushukia chombo kimoja kipana, na katikati yake ameketi kiumbe. Humfikii hivi hivi. Utoboe kwanza chuma, kisha upenye mkanda unaozunguka, na muda wote huo chombo kinakukaribia. Jitu likapata siri yake: lina mahali pa kufia, ila pamefunikwa.

Siri hiyo imetumika mpaka basi. Mwaka 1987, katika R-Type ya kampuni ya Irem, lipo jitu liitwalo Dobkeratops, linalojaza upande mzima wa kioo na kupunga mkia, mfano wa viumbe wa mchoraji Mswisi H. R. Giger. Piga kichwa chake mpaka uchoke. Kinachouma ni kile kiumbe kidogo kinachochungulia tumboni. (Msomaji wa pwani atacheka: Fumo Liyongo naye hakuuawa kwa chochote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Wajapani hawakutuiga, la. Ni kwamba kila anayebuni asiyeshindika hulazimika kumwachia tundu.)

Lakini turudi nyuma kidogo, mwaka 1983, kwa Williams wa Chicago. Mimi nawapa wao ushindi. Jitu lao, Sinistar, ni uso mkubwa wenye pembe, na mchezo ukianza halipo. Linajengwa mbele ya macho yako. Wewe unapiga miamba ya angani itoe fuwele ili upate mabomu. Vibarua wa adui wanazinyakua fuwele hizo hizo na kwenda kuliunga jitu kipande kwa kipande. Ukizubaa, jasho lako limekuwa taya lake.

Likikamilika, linasema. Kumbukumbu ya mashine ilikuwa ghali, kwa hiyo walilipa sentensi chache tu, kwa sauti ya mtangazaji wa redio John Doremus: kwamba liko hai, kwamba lina njaa, kwamba ukimbie. Kisha linanguruma na kukufuata. Wala halina bunduki, bwana! Likikugusa tu, limekula. Risasi za kawaida halizijali. Yanatakiwa mabomu 13, na kila bomu linang'oa kipande kimoja, kama halikuzuiwa njiani na mwamba au kibarua. Ukiishiwa bomu la kumi, vibarua wale wanaanza kuziba mapengo.

Wengine watasema huo ni wizi wa senti 25 za vijana. Sikatai moja kwa moja. Mashine ile iliwekwa pale ili ile sarafu. Ila mchezaji aliyekufa hapo anajua kosa lake: alichelewa kuchimba, au aliwaacha vibarua wapite. Jitu la Phoenix unalikuta limeshakamilika. Hili umelilea.

Na ukilimaliza? Bomu la 13 linapasua uso, kioo kinawaka, unarushwa eneo jingine la anga. Kuna miamba. Vibarua wameshaanza kubeba.