Mwalimu wa Kiingereza wa Uvira anajifunzia wapi?

Mwanafunzi anayemaliza sekondari Uvira analazimika kukutana na Kiingereza siku moja tu: siku ya lugha kwenye Exetat. Anapewa matini ya kusoma, maswali, na majibu ya kuchagua. Hakuna anayemwomba afungue mdomo. Siku ingine inakuja bila kutangazwa. Inaweza kuwa Kigoma, kwa sababu Tanzania shule za sekondari zinafundisha kwa Kiingereza. Inaweza kuwa Nakivale ao Kampala, ambako hata watoto wa wakimbizi wanasoma programu ya Uganda. Inaweza kuwa hapa hapa mjini, mbele ya tangazo la kazi la shirika linalotafuta mtu mwenye kusema Kifaransa na Kiingereza. Hapo hakuna jibu la kuchagua.

Kati ya siku hizo mbili kuko mwalimu. Yeye mwenyewe alijifunza Kiingereza wapi, na anaendelea kukijifunza wapi? Swali hilo halipewi nafasi sana, kwa sababu watu wanadhani mwenye diploma amekwisha kumaliza.

Lugha iliyosogea karibu

Zamani Kiingereza kilikuwa somo kama jiografia: kilikuwa kwenye programu, kilikuwa na pointi zake kwenye bulletin, basi. Miaka hii majirani wamebadilika. Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza. Burundi iliweka Kiingereza kuwa lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2014, na watoto wake wanakianza kwenye shule ya msingi. Tarehe 8 Aprili 2022 Congo ilitia sahihi mkataba wa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tarehe 11 Julai mwaka huohuo ikawa mwanachama kamili.

Ni kweli kwamba wakuu wa nchi za Jumuiya walikubali mwaka 2021 Kiswahili na Kifaransa viwe pia lugha rasmi. Kwa mtu wa Uvira hiyo ni habari njema. Lakini makaratasi mengi ya Jumuiya yanaendelea kuandikwa kwa Kiingereza, na mfanyabiashara anayetaka kuelewa kanuni za forodha hataki kungoja tafsiri.

Diploma na kinachofuata

Walimu wengi wa Kiingereza wenye kusomea kazi hii wametoka kwenye vyuo vya ualimu vya ISP, ambako idara yao inaitwa Anglais-Culture Africaine. ISP ya Bukavu imetoa wengi wa Kivu ya Kusini. Mwenye miaka 3 alikuwa G3, mwenye miaka 5 alikuwa L2; tangu mfumo wa LMD uingie mwaka wa masomo 2021-2022, majina yamebadilika lakini kwenye mashule watu wanaendelea kusema G3 na L2. Kwenye vijiji vya Fizi na vya bonde la Ruzizi unaweza pia kukuta mwenye D6, diploma ya serikali ya sekondari, anafundisha Kiingereza kwa sababu hakukupatikana mwingine. Huyo si wa kuchekwa. Bila yeye darasa lingebaki tupu.

Kuna wakati walimu hao waliweza kusikia Kiingereza kwa watu wa lugha yenyewe. Kuanzia mwaka 1970 hadi 1991 Peace Corps ya Marekani ilituma vijana wake Zaïre, na wengi kati yao walifundisha Kiingereza kwenye sekondari. Bukavu ilikuwa moja ya mahali walipopewa mafunzo. Walipoondoka, wengi wa waliobaki walikuwa walimu ambao Kiingereza chao kilitoka kwenye kitabu na kwenye mdomo wa mwalimu mwingine aliyekitoa kwenye kitabu.

Baada ya diploma, njia rasmi za kujiendeleza ni chache. Kuko inspekta anayepita. Kuko SERNAFOR, idara ya taifa ya mafunzo ya walimu. Kuko semina za mashirika, ambazo zinakuja na kwenda kufuata mradi. Mwalimu anatoka na brevet, anaiweka kwenye mfuko wa plastiki, na maisha yanaendelea. Kwenye listing ya mshahara inayosimamiwa na DINACOPE (zamani SECOPE), kinachohesabika ni diploma, si semina. Na mwalimu wa N.U., ambaye bado hajalipwa na serikali, anaishi kwa prime ya wazazi; masomo ya bure yaliyoanza mwaka 2019 yalihusu shule ya msingi, sekondari wazazi wanaendelea kulipa. Kumwambia mtu huyo alipie mafunzo yake mwenyewe ni kumtania.

Safari nayo imekuwa ngumu. Tangu M23 iingie Bukavu mwezi wa 2 mwaka 2025, kutoka Uvira kwenda huko kutafuta mafunzo ao kitabu si jambo la kupangwa kama zamani.

Cellule de base: karatasi ao kazi?

Kuko chombo kimoja ambacho hakiombi mradi wala safari ndefu, na tayari kimo ndani ya kanuni za masomo. Ni cellule de base: walimu wa somo moja wanakutana kwa saa zilizopangwa, mmoja anatoa leçon mbele ya wenzake, kiisha wanaijadili. Wanaweza pia kugawana prévisions za mwaka, kutengeneza maswali ya mtihani pamoja, ao kurudia sura ya programu inayowasumbua. Kila sekondari inaombwa kuwa nayo, na prefe anapaswa kuifuatilia.

Kwa hisabati ao Kifaransa inawezekana ndani ya shule moja. Kwa Kiingereza shida inaanza hapo hapo. Sekondari nyingi ziko na mwalimu mmoja tu wa somo hilo. Mtu mmoja hawezi kufanya cellule. Basi anawekwa pamoja na walimu wa Kifaransa, anakaa kwenye kikao cha watu wanaojadili dissertation, anatia sahihi kwenye rejista. Mahali pengine rejista inaandikwa kwa haraka inspekta anaposikiwa amefika kartie ya jirani. Kwa makaratasi kila kitu kiko sawa. Mwalimu hajapata kitu.

Shida ya pili ni woga. Leçon ya mfano imezoeleka kuwa kama mahakama: mwalimu anafundisha, wenzake wanahesabu makosa, mkubwa anafunga kwa ukali. Kwa mwalimu wa Kiingereza woga huo ni mara mbili, kwa sababu kosa linaweza kuwa kwenye mdomo wake mwenyewe, mbele ya wanafunzi. Ndiyo maana wengi wanakimbilia sarufi na kuifundisha kwa Kifaransa. Kanuni ya present perfect ikiandikwa ubaoni kwa Kifaransa haiwezi kumwaibisha mtu. Na kwa sababu Exetat haipimi kusema, hakuna anayelalamika.

Dawa ya shida ya kwanza iko wazi: cellule ya Kiingereza iwe ya shule kadhaa za jirani, si ya shule moja. Mulongwe, Kasenga na Kavimvira ziko karibu vya kutosha watu wakutane kwa miguu. Kiliba na Runingu zinaweza kufanya yao, Sange na Luberizi yao. Walimu 5 ao 6 wanatosha. Wakizidi 12 inageuka semina, na watu wanaanza kuuliza kuhusu perdiem.

Masikio kwanza, sarufi baadaye

Wakikutana wafanye nini? Hapa ndipo cellule nyingi zinapotea, maana watu wanarudi kwenye kile wanachokijua tayari, yaani sarufi. Mwalimu wa Uvira hakosi sarufi. Anakosa kusikia na kusema. Nusu saa ya kwanza ikiwa ya Kiingereza kitupu, hata cha kuvunjika, kuhusu mambo ya wiki, bei ya ndagala, hali ya barabara, itamfaa kuliko saa tatu za kuandika kanuni.

Kiisha kuko makosa ya nyumbani kwetu, ambayo kitabu kilichoandikwa kwa watu wote hakiwezi kuyajua. Mtoto wa hapa anasema «I have 15 years». Kifaransa kinamsukuma huko, na Kiswahili chetu cha «niko na miaka 15» kinamsukuma palepale. Lugha mbili zinavuta upande mmoja. Maneno kama «library» na «actually» yanamdanganya kwa sababu yanafanana na ya Kifaransa lakini maana ni ingine: «library» ni mahali pa kusomea vitabu, si duka la vitabu, na «actually» haisemi «siku hizi». Na «he» na «she» vinachanganyikana mdomoni hata kwa mwalimu, kwa sababu «yeye» ya Kiswahili haimtengi mwanaume na mwanamke.

Matamshi vilevile. Mtu wa pwani anasema «thelathini», sisi tunasema «selasini». Kwa hiyo sauti ya «think» ambayo mtoto wa Mombasa anayo tayari, mtoto wa Uvira anapaswa kuitafuta. Kiswahili kiko na irabu 5 tu, na hazina fupi na ndefu za kubadilisha maana kama Kiingereza: «ship» na «sheep» kwetu vinatoka sawa, meli ya Kalundu inageuka kondoo. Walimu 5 wakiandika pamoja orodha ya makosa 20 ya namna hiyo, wamepata kitabu ambacho hakiuzwi popote.

Darasa la watu 60

Walimu wanapoambiwa habari ya kusemesha wanafunzi, jibu la kwanza ni hesabu ya darasa. Ni jibu la haki. Lakini si shida ya Uvira peke yake, na imeandikwa zamani. Mwaka 1960 Mwingereza Michael West, aliyefanya kazi miaka mingi Bengal, alitoa kitabu kizima kuhusu kufundisha Kiingereza kwenye hali ngumu: wanafunzi wengi wamebanana kwenye mabenchi, viwango vyao vimechanganyika, joto, na mwalimu ambaye pengine hasemi lugha vizuri. Angeweza kuwa anaelezea darasa la Kalundu saa sita mchana.

Mfano wa karibu zaidi unatoka Cameroon, nchi ingine yenye kutumia Kifaransa. Mwalimu Kuchah Kuchah alifundisha huko Mora, kaskazini kabisa, darasa la wanafunzi zaidi ya 200 kwenye joto kali na vitabu vichache. Badala ya kupigania kimya, aliwauliza wanafunzi wenyewe wafanye namna gani. Waligawanyika vikundi, na wakaanza kuleta wenyewe maandishi ya Kiingereza waliyoyapata nje ya shule ili yatumike darasani. Mwaka 2011 alieleza jambo hilo kwenye makala aliyoandika pamoja na Richard Smith wa chuo kikuu cha Warwick. Uvira maandishi ya namna hiyo hayakosekani: karatasi ya dawa, mfuko wa chakula wa mashirika, maelezo ya simu mpya, fomu za wakimbizi. Kikundi cha watu 6 kinaweza kusoma karatasi moja ya dawa na kuulizana maswali bila mwalimu kusimama juu yao.

Redio na simu

Kenya ilijaribu kati ya mwaka 1980 na 1985 kufundisha Kiingereza kwa redio kwenye madarasa ya kwanza ya shule ya msingi. Kila siku ya masomo kulikuwa kipindi cha nusu saa. Sauti inauliza, inanyamaza kidogo, watoto wanajibu kwa pamoja. Mwalimu naye alikuwa anasikia na kujibu, na hiyo ilikuwa faida ambayo haikuhitaji kumwita kwenye semina.

VOA ilianza mwaka 1959 kutangaza Kiingereza cha polepole chenye maneno kama 1500 tu. Kazi hiyo ilisimama mwezi wa 3 mwaka 2025, lakini vipindi vya zamani vilivyowekwa kwenye kadi ya simu vinafaa bado; Kiingereza hakiozi. BBC inatoa bure «6 Minute English», yenye kufaa zaidi mwalimu kuliko mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mtu mmoja wa cellule akiwa na mega anapakua, wengine wanapokea kwa Bluetooth bila kulipa. Kundi la WhatsApp linasaidia pia, kwa masharti kwamba watu watume sauti zao. Kundi la kutumiana «good morning» na picha za maua limekwisha kufa, hata kama liko na watu 80.

Kuanza

Barua moja kutoka kwa maprefe wanaohusika kwenda kwa inspekta inatosha ili cellule ya shule kadhaa ijulikane, na saa zake zihesabiwe kuwa kazi, si kutoroka darasa. Franga za njia ndizo zinazovunja makundi haraka. Ni vizuri kuzungusha mkutano, mwezi mmoja Mulongwe, unaofuata Kalundu, mwingine Makobola, ili asiwe mtu mmoja anayelipa pikipiki kila mara. Shule inayopokea inatoa chumba, ubao na chaki.

Mwezi wa 4 haufai. Mvua inakata njia, na watu wa Uvira hawajasahau usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, Mulongwe ilipofurika. Tena madarasa ya mwisho yanakimbizana na Exetat. Mwezi wa 10, masomo yakiwa yametulia na prévisions bado zinaweza kurekebishwa, walimu wako na nafasi zaidi.