Miamba inayopinda chini ya Uganda: jinsi Bonde la Ufa lilivyogeuza mito na kutikisa miji

Msafiri anayetoka Kampala kwenda Masaka huvuka daraja la Mto Katonga kabla ya kufika Lukaya. Maji yanayopita chini ya daraja hilo huelekea mashariki na kuingia Ziwa Victoria. Lakini anayeufuata mto huo kuelekea magharibi hufika kwenye kinamasi kirefu cha mafunjo ambamo maji karibu yamesimama, na akiendelea mbele hukuta maji ya bonde hilohilo yakielekea upande wa pili, hadi Ziwa George. Zamani mto wote ulitiririka kuelekea magharibi. Uligawanyika kwa sababu miamba iliyo chini yake iliinuka.

Kuinuka huko ni sehemu ya historia ndefu ya Bonde la Ufa la Magharibi, linalopita katika maziwa Albert, Edward, Kivu na Tanganyika. Wanajiofizikia, yaani wataalamu wanaochunguza Dunia kwa vipimo vya fizikia, wamelishughulikia bonde hilo kwa takriban miaka 100. Swali lao limekuwa moja: mwamba mgumu hupindaje, na huvunjika lini?

Joto, uzito na muda

Nta ya nyuki hutoa mfano mzuri. Ikigongwa kwa ghafla wakati wa baridi, huvunjika vipandevipande. Ikipashwa joto kidogo na kubonyezwa polepole, hupinda bila kupasuka. Miamba nayo ina tabia hizo mbili. Karibu na uso wa nchi ni baridi, hivyo inapovutwa au kubanwa kupita kiasi hukatika ghafla, na kukatika huko ndiko tetemeko la ardhi. Kadiri mtu anavyoshuka chini, joto huongezeka. Madini ya kwazi, yaliyomo katika miamba mingi ya mabara, huanza kulainika kwenye joto la nyuzi 300 hivi za Selsiasi, na mwamba wenye madini hayo hutiririka polepole mno ukiwa bado mgumu.

Katika sehemu nyingi za dunia, mabadiliko hayo hutokea kwenye kina cha kilomita 10 hadi 15, na matetemeko mengi ya mabara huishia hapo. Magharibi mwa Uganda hali ni tofauti. Huko matetemeko hurekodiwa hata zaidi ya kilomita 30 chini ya ardhi. Maelezo ya wataalamu ni kwamba miamba ya huko ni ya kale sana, imepoa, na imebaki na nguvu hadi kina kikubwa. Mwamba wa namna hiyo huweza kubeba mkazo kwa muda mrefu kabla ya kukatika.

Kubanwa au kuvutwa?

Mwanajiolojia Mwingereza J. W. Gregory, aliyezuru Kenya mwaka 1893, alieleza kwamba Bonde la Ufa lilitokea nchi ilipovutwa pande mbili, na kipande cha kati kikazama. Si wote waliokubali. E. J. Wayland, mkurugenzi wa kwanza wa idara ya uchunguzi wa jiolojia ya Uganda, iliyoanzishwa Entebbe mwaka 1919, aliona kwamba bonde la Ziwa Albert lilitokana na kubanwa: kuta za pande zote mbili zilisukumwa juu ya sakafu ya bonde na kuikandamiza chini.

Mwaka 1933 na 1934, mwanajiofizikia kijana kutoka Cambridge, Edward Bullard, alipima nguvu ya uvutano wa Dunia katika vituo mbalimbali vya Afrika Mashariki kwa kutumia pendulamu. Pale ambapo miamba ni mizito, uvutano huwa mkubwa kidogo. Pale ambapo ni myepesi, hupungua. Bullard aligundua kwamba juu ya mabonde uvutano ulikuwa mdogo kuliko ilivyotarajiwa. Katika ripoti yake ya mwaka 1936 alihitimisha kwamba sakafu ya bonde ilikuwa imezuiwa chini kwa nguvu ya kubanwa. Vipimo vyake vilionekana kuunga mkono fikra ya Wayland.

Vipimo vilikuwa sahihi, ila maana yake ilikuwa nyingine. Mwaka 1938 kisima cha kutafuta mafuta kilichimbwa Waki, karibu na Butiaba, na kikapita katika mashapo yenye unene wa zaidi ya mita 1,000 kabla ya kugusa mwamba wa kale. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba mashapo yaliyojaza bonde la Albert yana unene wa kilomita kadhaa. Mashapo ni mepesi kuliko mwamba, na wepesi huo unaeleza sehemu kubwa ya upungufu alioupima Bullard bila kuhitaji nguvu yoyote ya kubana. Baadaye, kumbukumbu za matetemeko zilithibitisha kwamba kuta za bonde zinaachana. Bullard mwenyewe hakubaki nyuma. Mwaka 1965, pamoja na wenzake wawili, alitumia kompyuta kuonyesha jinsi kingo za mabara ya Afrika na Amerika ya Kusini zinavyolingana, kazi iliyosaidia kukubalika kwa fikra kwamba mabara husafiri.

Kasi ya ukucha

Siku hizi mwendo wa nchi hupimwa kwa satelaiti, kupitia vituo vya kudumu kama kile cha Mbarara. Vipimo hivyo vinaonyesha kwamba Bonde la Ufa la Magharibi linapanuka kwa milimita chache kwa mwaka. Umbali ambao ukucha wa mtu hukua kwa mwezi mmoja, nchi huuchukua mwaka mzima. Eneo lililo kati ya matawi mawili ya Bonde la Ufa, ambamo Kampala na Ziwa Victoria zimo, huhesabiwa kuwa bamba dogo linalojitegemea, nalo huzunguka taratibu kinyume na mwelekeo wa mishale ya saa.

Kwa mamilioni ya miaka, mwendo huo mdogo umefanya makubwa. Bonde lilipozama, kingo zake ziliinuka. Kingo za mashariki ziliifungia njia mito ya Katonga, Kafu na Kagera, na maji yaliyorudishwa nyuma yakajaza bonde la kina kifupi ambalo sasa ni Ziwa Victoria. Ndiyo sababu ziwa hilo, licha ya upana wake, lina kina cha mita 80 hivi tu, huku Tanganyika, lililo ndani ya ufa wenyewe, likifika zaidi ya mita 1,400. Rwenzori, wenye kilele cha mita 5,109, ni pande la mwamba wa kale lililoinuliwa katikati ya ufa. Haukujengwa na volkano kama Kilimanjaro.

Yanayowahusu wakazi

Mkazo unaokusanyika kwa milimita huachiliwa kwa sekunde. Tarehe 20 Machi 1966, tetemeko la Toro liliua watu zaidi ya 100 magharibi mwa Uganda na kung'oa nyumba nyingi. Mwezi Februari 1994, jingine lilipiga eneo la Kisomoro na kuharibu majengo ya Fort Portal. Tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliua watu zaidi ya 15 Bukoba, Tanzania, nalo lilihisiwa Kampala.

Kampala iko mbali na ufa, juu ya miamba yenye umri wa karibu miaka bilioni 2. Lakini jiji si vilima peke yake. Kati ya vilima kuna mabonde yenye udongo laini wa kinamasi, kama Bwaise, ambako makazi yamesongamana. Udongo laini wenye maji huongeza mtikisiko unaotoka mbali, na ukuta wa matofali usio na nguzo wala mkanda wa zege huwa wa kwanza kupasuka.

Hakuna mtaalamu awezaye kutaja siku ya tetemeko lijalo. Kinachojulikana ni kwamba miamba inaendelea kuvutwa, kwamba itakatika tena, na kwamba wengi wanaokufa katika matetemeko huuawa na majengo yanayowaangukia. Mwendo wa miamba hauzuiliki, lakini namna ya kujenga nyumba ni uamuzi wa wanadamu.